Taa Iliyowaka Bila Kuua

Nyinyi mnaoanza kazi ya ufundi wa hospitali mna vyombo vya kubonyeza. Mnabonyeza, vinawapa namba, mnaamini. Mimi nilistaafu na bisibisi mbili, miwani ya kuchomelea na mgongo mbovu, kwa hiyo nikiwaandikia habari za taa msitarajie namba. Tarajieni aibu. Karibu kila ninachokijua juu ya taa hizi nilikijua kwa kuaibika, mara nyingine mbele ya watu wengi.

Taa ninayoisema ni ile ndefu ya kuua vijidudu, inayotoa mwanga hafifu wa buluu. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wenu mtaangukia. Ule mwanga wa buluu unaouona hauui kitu. Unaoua hauonekani kabisa. Taa ikizeeka, kile kisichoonekana ndicho kinachopungua kwanza, na ile buluu inabaki pale pale, nzuri, ya kupendeza kama ya kanisa lenye pesa. Mtu akichungulia mlangoni na kusema inawaka, hajapima chochote. Ameisalimia tu.

Mimi niliisalimia taa moja kwa miaka mitatu. Nitafika huko, lakini kwanza niwaambie habari ya macho, ili msiwe vipofu kabla hamjapata hata pensheni.

Nilipokuwa mgeni katika hospitali moja pale Kakamega, miaka ya tisini ikiwa ndiyo imeanza, niliambiwa nikaangalie taa ya chumba cha upasuaji. Nikaangalia. Neno lenyewe lilikuwa angalia, nami nilikuwa mtiifu. Nilipanda kwenye kiti saa mbili asubuhi, nikaikodolea macho kwa karibu mpaka nikaridhika, nikashuka. Ilikuwa Jumamosi, na mchana nilikuwa na mazishi huko Kabras, ya shemeji wa jirani yangu, mtu ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani, siku aliponinyima nafasi kwenye trekta yake ya miwa.

Saa tisa hotuba zikiwa zimepamba moto, macho yangu yakaanza kuwasha. Baada ya muda mfupi nilihisi kama mtu amenimwagia mchanga wa mto chini ya kope. Machozi yakatoka. Hayakuwa machozi ya kupangusa na kitambaa, yalikuwa ya kulowesha kola. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaanza kunong'ona, na minong'ono ikafika mbele, na nikashtukia nimeshikwa mikono miwili na kupelekwa kwenye viti vya jamaa.

"Huyu ndiye alimpenda marehemu kabisa," nikasikia mzee mmoja akisema. "Muone vile analia. Hawa wengine wanangojanga chakula tu."

Nikapewa kipaza sauti. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa kusaidia watu, hasa kwa usafiri. Mjane mwenyewe ndiye aliyenifariji, akiniita shemeji, na jioni nilipakuliwa obusuma, ugali wa kwetu, na paja zima la ingokho, kuku wa kienyeji, wakati ndugu wa damu wakigombania shingo. Kwa siku mbili sikuweza kutazama hata mshumaa. Taa ile ilinichoma macho kama jua linavyochoma ngozi, polepole, na maumivu huja saa nyingi baadaye ukiwa umeshasahau kosa lako. Basi vaeni miwani. Vaeni mikono mirefu. Na swichi iwe nje ya mlango.

Jumatatu nilimsimulia Mzee Okwara, aliyekuwa mkubwa wangu na aliyenifundisha kazi. Hakunipa pole. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Jicho siyo kipimo," akaniambia alipopata pumzi. "Jicho ni la kusoma Biblia na kuangalia kama nyama imeiva. Njoo nikuonyeshe."

Katika chumba cha upasuaji akavaa miwani, akanivisha na mimi, akafunga pazia, akawasha taa, akavua shati. Mzee Okwara alikuwa na shati moja jeupe ambalo mkewe alilifua kwa sabuni ya unga, ile inayofanya nguo nyeupe iwe nyeupe kupita kiasi. Akaliweka chini ya taa, nalo likawaka, likang'aa rangi ya samawati kama limewekewa betri. Kisha akachukua kioo kimoja alichokuwa amekichomoa kwenye dirisha la ofisi ya manesi, akakishika katikati ya taa na shati. Mng'ao ukafifia mpaka karibu ukapotea.

"Umeona? Kioo cha kawaida kinaruhusu buluu kupita, lakini kinazuia ile inayoua. Shati likizimika ukiweka kioo, ujue taa ina meno. Likikaa vile vile, ama lisipong'aa kabisa, hiyo ni taa ya baa."

Ndivyo tulivyopima taa, vijana, kwa shati na kioo cha dirisha. Na kama mna akili mtaona kwamba shati linakuambia meno yapo, halikuambii yanang'ata kiasi gani. Kwa hilo unahitaji vijidudu wenyewe. Kipimo hicho alinieleza kwa mdomo tu, kwa sababu metroni wetu aliingia akamkuta mzee kifua wazi, na somo likaishia hapo. Kile kioo hakikurudishwa dirishani, na mvua ya jioni ikaingia kwenye faili za manesi.

Mzee Okwara alipostaafu nilirithi meza yake. Nikapewa na koti jipya la kazi, nikajinunulia tai. Hapo ndipo nilipoharibika. Mtu mwenye tai havui shati wodini. Kila taa ilikuwa na kadi yake iliyoning'inizwa mlangoni, na kila mwisho wa mwezi fundi alitakiwa kuandika hali yake. Nilipita kwenye korido kwa mwendo wa mtu mkubwa, nikichungulia, nikiona buluu, nikiandika "Nzuri" na kutia sahihi yenye mkia mrefu. Nilikuwa naipenda sana sahihi ile.

Taa iliyokuja kunitoa tai ilikuwa ya chumba cha makohozi, katika maabara. Humo watu waliochukuliwa makohozi kupimwa kifua kikuu walikuwa hawaingii, ila makopo yao yaliingia, na mtu mmoja aliketi humo kuyafungua na kuyapaka kwenye vipande vya kioo. Alifanya hivyo mbele ya kabati dogo lenye taa ndani yake. Kazi ikiisha anafunga kabati, anatoka, anawasha taa iue kilichobaki. Mtu huyo aliitwa Nafula. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, na alikuwa na ulimi ambao hata madaktari waliuzunguka.

Nafula alikuwa ametoka likizo ya uzazi, ana mtoto wa miezi mitano, Neema, aliyeletwa na yaya kila saa saba kunyonya. Siku moja akaja karakana kwangu.

"Fundi, mulembe."

"Mulembe, Mama Neema."

"Ile taa ya kabati haifanyi kazi."

"Inawaka," nikasema. Sikuinua hata kichwa.

"Mimi sijauliza kama inawaka. Kuna ukungu umeota kwa ule mpira wa mlango, ndani, chini ya taa kabisa. Umekaa hapo kama uko kwao. Sasa kama haiwezi kuua ukungu, itaua nini?"

Nikamwambia ukungu ni mambo ya unyevu, Kakamega kunanyesha, hata viatu vyangu vina ukungu. Nikamwambia akasome kadi. Akaondoka. Kesho yake alikataa kuingia katika kile chumba.

Sasa kukataa kazi hospitalini siyo mchezo. Makopo yalianza kurundikana. Daktari mkuu, mtu mwenye haraka na asiyependa kusumbuliwa, aliitisha kadi ya taa, akaona "Nzuri" zangu zimepangana kama askari, akaandika barua. Nafula ahamishwe kuanzia Jumatatu ya pili, aende zahanati moja ndani ndani huko Matete, kwa kosa la ukaidi. Huko hakukuwa na maabara. Mume wake alikuwa mwalimu hapa mjini, na mtoto alikuwa bado ananyonya. Ushahidi wote dhidi yake ulikuwa sahihi yangu yenye mkia.

Alirudi karakana na barua mkononi. Safari hii hakusema mulembe.

"Ipime," akasema. "Ukipima na iko mzuri, nitaenda Matete na nitanyamaza. Lakini pima, Fundi. Usichungulie."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilitaka kukasirika, lakini nilijua kwamba tangu nivae tai sikuwa nimeipima ile taa hata siku moja. Nikaingia kwenye chumba, nikafungua madirisha yote chumba kipate hewa, nikangoja, nikafunga, nikavaa miwani, nikavua tai, nikavua shati. Nikabaki na fulana yenye matundu. Nikaliweka shati chini ya taa.

Halikung'aa. Lilibaki shati. Nikaweka kioo, nikatoa kioo, nikaweka tena. Hakuna tofauti yoyote. Wakati huo huo mlango ukafunguka. Alikuwa Mama Robai, mfanyakazi wa usafi, na ndoo yake.

"Yesu! Fundi, unaoga?"

Nikazima taa, nikamwambia afunge mlango. Habari kwamba Fundi anaogea katika chumba cha makohozi ilifika jikoni kabla sijafunga vifungo vya shati.

Nafula hakushangaa nilipomwambia. Alisema daktari mkuu hatakubali habari za shati, na kweli. Basi tukafanya kile kipimo alichonieleza Mzee Okwara kwa mdomo. Maabara walikuwa na visahani vya kioo vyenye mfuniko, ndani vimejazwa kitu kigumu kama jeli ambacho vijidudu hukipenda. Tulihitaji vijidudu wa kawaida, wasio na madhara makubwa. Nafula akachukua pamba yenye maji ya chumvi, akaenda kupangusa kitasa cha mlango wa daktari mkuu.

"Kwa nini hicho?" nikamuuliza.

"Ndicho kinashikwanga na kila mtu, na hakuna anayekioshanga."

Akapaka kisahani chote kwa ile pamba. Tukafunika nusu yake kwa kipande cha karatasi ngumu, nusu nyingine tukaiacha wazi chini ya taa kwa dakika kumi. Kisha tukakifunika, akaandika juu yake "Kabla", yaani kabla ya kuitengeneza taa, akakiweka kwenye kabati la joto. Ukikitoa, kama taa ni nzima, nusu iliyofunikwa itakuwa na vijidudu na nusu iliyokuwa wazi itakuwa tupu. Hata mtoto anaweza kusoma majibu.

Jumatano tulikitoa. Kilikuwa kimeota pande zote mbili, sawasawa, kama uwanja wa mpira. Niliwaza kitu kimoja cha kijinga, kwamba daktari mkuu anahitaji kuosha kitasa chake. Kisha nikawaza la maana, kwamba Nafula alikuwa akifungua makopo mbele ya taa hiyo kila siku.

Nilienda kuitoa ile taa. Nilipoigusa kidole kikateleza. Nikanusa kidole: mafuta ya taa. Nikachukua pamba na spiriti, nikapangusa, pamba ikatoka na rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu. Ya pili hivyo hivyo. Ilinichukua pamba nane mpaka ikatoka nyeupe. Nikawasha, nikaweka shati, na shati likawaka. Nikaweka kioo, likafifia.

Taa haikuwa imekufa. Ilikuwa imevalishwa koti.

Nikamtafuta Mama Robai.

"Mama, ile taa ya kabati unaipanguzanga na nini?"

"Na kile kitambaa cha sakafu," akasema kwa fahari. "Naweka mafuta ya taa kidogo, vile nafanyanga madirisha. Kila Ijumaa, sijawahi kukosa. Si wewe ulisema ing'are?"

Nilisema. Nilikumbuka mpaka mahali niliposimama. Miaka mitatu kabla, tulikuwa tunatarajia wageni kutoka Nairobi, nami nikamwambia apanguse kila kitu king'ae, hata ile taa. Wageni walipokwenda nilimsifu mbele ya wafanyakazi wote, nikasema laiti wote wangekuwa kama Mama Robai. Kile kitambaa kilikuwa ndicho cha kupakia nta nyekundu ya sakafu. Kila Ijumaa aliongeza tabaka jingine, na kila mwisho wa mwezi mimi nikaandika "Nzuri". Taa haipanguswi na kitu kingine isipokuwa spiriti na pamba safi, ikiwa imezimwa na imepoa. Andikeni hilo mahali.

Tulipaka kisahani cha pili siku hiyo hiyo, kwa vijidudu wa kitasa kile kile. Ijumaa asubuhi nusu moja ilikuwa msitu, nusu nyingine ilikuwa tupu, isipokuwa vidoa vitatu.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikumwambia mke wangu mpaka watoto walipokuwa wakubwa. Nafula alikuwa kwenye mkutano wa maabara, na visahani vyote viwili vilikuwa mikononi mwangu. Kama ningempelekea daktari mkuu cha pili tu, taa ni nzima, sahihi zangu zote ni za kweli, na Nafula ni mkaidi. Kama ningempelekea vyote na kumtaja Mama Robai, kosa lingekuwa la kitambaa. Kando yangu palikuwa na ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu ambamo tulitupa visahani vilivyotumika. Nilikishika kile cha "Kabla" juu ya ndoo. Sijui ni kwa muda gani. Nilikuwa mwoga, na sitaki kulipamba.

Saa saba ikagonga. Kupitia dirishani nikamwona Nafula ametoka mkutanoni, amesimama kwenye bomba la nje. Yaya alikuwa anamngoja na Neema, na mtoto alikuwa anapiga kelele kwa njaa. Nafula aliosha mikono mpaka viwikoni, akaisuuza. Akapaka sabuni tena, akaosha tena. Mtoto analia, yeye anaosha. Mara ya tatu ndipo akampokea, na bado alimshika kwa mbali kidogo na kifua chake, kama mtu aliyebeba kitu cha watu.

Nikachukua visahani vyote viwili nikaenda.

Daktari mkuu alikitazama cha pili kwanza, kwa sababu ndicho kizuri. "Kumbe inafanya kazi," akasema. "Nilijua. Basi yule mama afunge mizigo."

"Hicho ni cha baada ya kuisafisha, Daktari. Tazama hiki. Hivi ndivyo ilivyokuwa."

Akatazama. "Nani aliichafua?"

"Ilikuwa inapanguswa na kitambaa cha sakafu."

"Nani alisema ipanguswe?"

"Mimi."

"Na nani alikuwa anasaini kadi?"

"Mimi."

Kisha akauliza tulikowatoa vijidudu, nikamwambia, na akautazama mlango wake mwenyewe kwa namna ambayo siku nyingine ingenifurahisha. Barua ya Nafula aliichana mbele yangu. Yangu aliiandika hapo hapo, kwa kalamu nyekundu, na ilibaki kwenye faili langu mpaka nilipostaafu. Mama Robai hakuguswa.

Kumwambia Nafula kulikuwa kugumu zaidi. Nilimkuta maabara, nikamweleza yote, kitambaa, wageni wa Nairobi, kadi. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Miaka mitatu?" akauliza.

"Miaka mitatu."

"Mimi nilikuwa naingia mle ndani na mimba, Fundi."

Akavua koti lake jeupe, akalikunja. "Twende nipigwe picha ya kifua. Na wewe unakuja."

Tulikaa kwenye benchi la chumba cha picha. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe. Aliitwa, akaingia, akatoka. Baadaye Wanyama, mpiga picha, akatuita sote wawili. Akaitundika ile picha kwenye kisanduku cha mwanga, akaitupia jicho, akaanza kuandika.

"Iko safi," akasema.

Nafula akafunga macho. Mimi niliiona ile picha inang'aa pale ukutani, nyeusi na nyeupe, nzuri sana, na sikuelewa hata mstari mmoja.

"Umejuaje?" nikamuuliza Wanyama.

"Fundi, nimesema iko safi."

"Nimesikia. Nionyeshe."

Wanyama akaweka kalamu chini, amekasirika. Alikuwa na foleni ndefu nje. Akamtazama Nafula ili amsaidie kunifukuza.

Nafula akavuta kiti, akakaa mbele ya picha.

"Nionyeshe mimi kwanza," akasema. "Huyu atangoja."